Vanishi na umri wa picha

Picha iliyotundikwa ukutani Kasokola, karibu na mji wa Mpanda, hupambana na vumbi la kiangazi, kisha unyevu wa mvua za Novemba hadi Aprili. Swali kama vanishi ingeikinga ni la zamani.

Katika miaka ya 1850, picha nyingi za Ulaya zilianza kugeuka manjano na kufifia zikiwa bado changa. Zilijengwa kwa chembe ndogo mno za fedha, na fedha ikikutana na salfa huharibika. Salfa ilitoka wapi? Wengine walilaumu hewa ya mijini, iliyojaa moshi wa makaa. Wengine walilaumu haipo, dawa ya kugandishia picha, iliyobaki katika karatasi isiyosuuzwa vizuri. Mwaka 1855 chama cha wapiga picha cha London kiliunda kamati, nayo ikaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja. Ilishauri picha zisuuzwe sana, ikiwezekana kwa maji ya moto, zitiwe dhahabu na zitunzwe pakavu. Nta, mpira na vanishi vijaribiwe tu.

Naona kamati ilikuwa na busara kuiweka vanishi mwisho. Vanishi huzuia hewa, lakini haiondoi haipo: ukiipaka juu ya picha chafu, umemfungia mwizi ndani. Tena, vanishi nyingi za utomvu wa miti hugeuka manjano zenyewe.

Mpiga picha Ranchhod Oza alipofungua studio yake, Capital Art Studio, huko Zanzibar mwaka 1930, karatasi za fedha na jelatini ndizo zilizotawala. Jelatini hulainika katika unyevu, ikaota ukungu au ikanata kwenye kioo cha fremu. Lakini picha iliyosuuzwa vizuri na kutunzwa pakavu hudumu miongo mingi bila kupakwa chochote.

Picha za rangi zilibadili hesabu. Rangi zake hufifia kwa mwanga, na nyingine hufifia hata gizani. Vanishi yenye kinga ya miale ya urujuanimno husaidia dhidi ya mwanga peke yake. Kisha zikaja printa za wino. Hapo vanishi ilipata kazi yake halisi, kwa kuwa karatasi nyingi za wino zina vinyweleo, na hewa ya ozoni hupenya ikaunguza rangi.

Laminesheni nayo huzuia hewa, ila kuiondoa bila kuharibu picha ni vigumu mno. Ndiyo maana wahifadhi hulamineti nakala, na picha halisi huiweka katika bahasha isiyo na asidi.