MAJARIBU YALIYOWAUMBA WATU NA TAIFA: KUTOKA UFUKO WA NYASA HADI MILIMA YA UBENA

Usharika unapotimiza miaka mia moja, wajibu wake wa kwanza ni kumshukuru Mungu. Wajibu wa pili ni kukumbuka kwa ukweli. Nabii Samweli aliposimamisha jiwe la Ebenezeri, alilipa jina la mahali ambapo Israeli walikuwa wamewahi kushindwa vibaya na hata kunyang'anywa sanduku la agano. Kumbukumbu ya msaada iliwekwa penye kumbukumbu ya maumivu. Kwa mfano huo, ukurasa huu unaangalia baadhi ya majaribu yaliyowapata watu wa Lupingu, wa Ludewa na wa Njombe kwa jumla, na jinsi majaribu hayo yalivyowaumba wao na taifa lao.

Ziwa lililokuwa mlango

Lupingu iko kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone inayoshuka kwa ghafla hadi majini. Kwa vizazi vingi njia kuu ya watu wa ufukoni ilikuwa maji. Wanawake wa Kikisi walifinyanga vyungu, navyo vilisafirishwa kwa mitumbwi na kubadilishwa kwa nafaka. Ufuko huo haukuwa pembe iliyosahauliwa, bali njia ya watu, bidhaa na habari.

Injili nayo ilipita kwenye maji hayo. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walisafiri kwa mto Zambezi na mto Shire, wakavuka ziwa na kuanza kazi katika nchi ya Wanyakyusa. Kutoka huko walipanda milimani: Bulongwa katika Ukinga mwaka 1895, Kidugala katika Ubena mwaka 1898. Lakini pamoja na Injili ilikuja serikali ya Kijerumani, yenye kodi na kazi ya lazima. Mwafrika wa siku zile aliona wageni hawa wawili wakifika kwa njia moja na kusema lugha moja. Haikuwa rahisi kwake kuwatenganisha.

Maji Maji na swali lililobaki

Ugumu huo ulidhihirika mwaka 1905. Vita vya Maji Maji vilivyoanza katika milima ya Wamatumbi, upande wa Kilwa, vilifika nyanda za juu katika miezi michache. Mwezi Septemba kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe, kilishambuliwa na wapiganaji wa Kibena chini ya Mtwa Mbeyela.

Wakristo wa kwanza walijikuta kati ya moto mara mbili. Ndugu zao waliwaona kuwa watu wa Wajerumani, nao Wajerumani waliwaona kuwa watu wa kabila lililoasi. Serikali ilijibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wengine wanakadiria kuwa waliokufa nchini kote kufikia mwaka 1907 walikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Kwa muda mrefu vitabu vya kanisa viliviita vita hivyo maasi ya wapagani, huku vitabu vya shule vikiviita chimbuko la umoja wa taifa. Usharika unaoadhimisha karne hauna sababu ya kuchagua nusu moja ya historia. Waliokimbilia misheni na waliokwenda kuishambulia walikuwa wana wa nchi moja, na wajukuu wao leo huketi benchi moja ibadani. Taifa lilijifunza katika vita vile kwamba makabila mbalimbali yaweza kuwa na shauri moja. Kanisa nalo lilipaswa kujifunza kwamba Injili ikivaa vazi la dola, itachukiwa pamoja na dola hiyo.

Miaka ya kuachwa peke yao

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann huko Liuli, kusini ya Lupingu kwenye ufuko uleule. Nahodha wa Kijerumani hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza. Ndivyo vita vya Ulaya vilivyowafikia watu wa Nyasa. Hawakuulizwa, wala ugomvi haukuwa wao. Wanaume walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. Chakula kilichukuliwa, kisha homa kuu ya mwaka 1918 ikamalizia nyumba zilizokuwa zimedhoofika.

Mwaka 1916 majeshi ya Kiingereza kutoka Nyasaland yaliingia nyanda za juu. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa nchini. Wengi walitazamia kwamba kazi yao ingekufa. Haikufa. Walimu na wazee wa kanisa, ambao wengi wao hawakuwa wamebarikiwa kuwa wachungaji na hawakuwa na mshahara, waliendelea kupiga kengele, kufundisha watoto kusoma, kuzika wafu na kukusanya waumini Jumapili. Baadaye Waskoti wa misheni ya Livingstonia walivuka kutoka Nyasaland kuwasaidia, lakini wasaidizi walikuwa wachache na nchi ilikuwa pana. Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920, walikuta kanisa lililokuwa limejifunza kutembea.

Hapa ndipo somo kuu la karne hii lilipo. Shida peke yake haimjengi mtu, kwa maana njaa na vita viliwavunja wengi. Kilichowajenga wale walimu ni kazi waliyoikubali ndani ya shida. Aliyezoea kuitwa msaidizi aligundua kwamba anaweza kuamua, kupatanisha na kuongoza. Kwa hiyo wamisionari walipoondolewa tena katika Vita Kuu ya Pili, na Waswidi kuja kushika nafasi yao, viongozi wenyeji hawakuwa wageni wa mzigo huo. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Umoja huo ulifuata uhuru wa nchi kwa muda usiotimia miaka miwili, lakini mizizi yake ilikuwa imeshuka chini tangu 1916.

Taifa katika shule ya kujitegemea

Tanganyika huru nayo ilipita njia kama hiyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataka wananchi wategemee jasho lao. Shule nyingi za makanisa zikawa mali ya serikali kufuatia sheria ya elimu ya mwaka 1969. Kati ya mwaka 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu. Wengi walipata shule na zahanati karibu, na mtoto wa Mpangwa akasoma dawati moja na mtoto wa Mkisi. Lakini wengine waliacha makaburi ya wazee wao na mashamba yenye rutuba bila hiari yao. Yote mawili ni kweli, na umoja ambao Watanzania wanajivunia ulinunuliwa kwa yote mawili.

Jaribu lisilokwisha

Jaribu la mwisho halijawa historia. UKIMWI, uliotambuliwa nchini mwaka 1983 huko Kagera, uliigusa Njombe kwa uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulionyesha kwamba asilimia 14.8 ya watu wa mkoa huo wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 5.1. Utafiti wa 2022–23 uliikuta Njombe bado juu ya mikoa yote, kwa asilimia 12.7 ya watu wazima.

Katika miaka ya mwanzo mimbara nyingi zilisema juu ya dhambi kuliko juu ya mgonjwa, na wengi walikufa wakijificha. Waliobadili hali hiyo hawakuwa wahubiri kwanza. Walikuwa mabibi waliolea wajukuu yatima, akina mama waliobeba uji kwenda kwa wagonjwa, na watu walioishi na virusi wakathubutu kusema. Dawa zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, zilikuta njia imekwisha kufyekwa na watu hao.

Wao ni warithi wa walimu wa 1916. Nao pia hawakuchagua jaribu lililowapata. Walichagua namna ya kusimama ndani yake. Karne ya pili itakuja na majaribu yake, na usharika hauwezi kuyajua sasa. Unachoweza kufanya leo ni kuandika majina ya waliosimama wakati wazee wanaowakumbuka wangali hai, ili watoto wajue kwamba nyumba wanayoabudu ndani yake ilijengwa na watu wa kawaida katika siku ngumu, kwa neema ya Mungu.