Fishi ya mechi yenye kutoka ku kompyuta: nini inachunguzwa kabla ya kuichapa

Fishi ya mechi ni karatasi ndogo yenye kubeba majina ya wachezaji wawili ao ekipe mbili, raundi, meza ao uwanja, na pahali pa kuandika matokeo na kutia sahihi. Siku hizi kuko programu za ku intaneti zenye kupanga mechi na kutoa fishi zote mara moja.

Uzito wa sahihi hiyo unaonekana katika sheria za sataranji za FIDE, shirikisho la dunia. Kifungu cha 8.7, chenye kuhusu karatasi za kuandikia hatua za mchezo, kinasema wachezaji wote wawili wanatia sahihi na kuonyesha matokeo. Hata yakiwa na kosa, matokeo hayo yanabaki, isipokuwa mwamuzi aamue ingine.

Basi kodi, yaani mistari ya maagizo yenye kutengeneza fishi, inapashwa kusomwa na mtu mwingine asiyeiandika. Michael Fagan wa IBM alitangaza utaratibu wa kazi hiyo mwaka 1976. Leo wengi wanatumia Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005: inaonyesha mstari gani uliongezwa, gani uliondolewa, na nani alifanya.

Swali la kwanza la kuuliza: namba ya fishi inatoka wapi? Kama kodi inahesabu tu nafasi ya mechi ndani ya orodha, hatari iko hapo. Tuseme fishi ya 3 imechapwa, kisha mchezaji mmoja anakosa kufika na mwamuzi anapanga upya. Sasa namba 3 ni ya watu wengine, lakini karatasi ya kwanza ingali mezani. Mwenye kuingiza matokeo anasoma "3", na ushindi unaenda kwa mtu ambaye hakucheza. Ni kosa baya kuliko yote, sababu karatasi yenyewe iko safi kabisa. Dawa yake: kila mechi ipewe namba yake ambayo haitumiki tena, na fishi ionyeshe saa ilipotolewa.

Wachezaji wakiwa 15, mmoja anapumzika. Kodi inafanya nini na yeye? Zingine zinatoa fishi yenye mpinzani bila jina, na watu wanaanza kumutafuta.

Kisha karatasi. Ile ya A4 iko na milimita 210 kwa 297. Ile ya Marekani, Letter, ni 216 kwa 279. Fishi zilizopangwa kwa A4 zikichapwa kwa vipimo vya Letter, ya chini inaweza kukatika ao kusukumwa ku ukurasa mwingine. Kodi ya CSS iko na agizo la kukataza fishi moja isigawanywe: break-inside: avoid.

Majina nayo yajaribiwe kwa urefu wa kweli. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na jina, postinomu na prenomu, tena yenye alama juu ya herufi. Kujaribu na "Ali" peke yake hakuonyeshi kitu.

Kusoma kodi hakutoshi bila kuchapa ukurasa mmoja, ku mashini ile ile itakayotumika. Na pahali umeme unakatika, fishi zitolewe kama PDF mbele ya raundi, pamoja na chache tupu za kujaza kwa mkono.