Lami yenye polima: athari za joto la tangini

Lami yenye polima ni bitumeni iliyochanganywa na mpira au plastiki, mara nyingi stirini-butadieni-stirini (SBS), kwa asilimia 3 hadi 7 ya uzito wake. Inafaa barabara ambazo malori mazito hupanda polepole na kuacha mifereji ya magurudumu. Bukavu, iliyo kando ya Ziwa Kivu kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, imejaa miinuko ya namna hiyo. Na kwa kuwa hewa ya huko si ya joto kali, joto la kuhofia zaidi ni lile la tangini, lami inapohifadhiwa.

Ili isukumike kwa pampu, lami hii huwekwa kwenye nyuzi 160 hadi 180 za sentigredi. Ikikaa hivyo muda mrefu bila kukorogwa, SBS iliyofura kwa mafuta ya bitumeni hupanda juu kama malai, na lami nzito hubaki chini. Wakati huohuo oksijeni huikakamaza bitumeni, huku minyororo ya SBS ikikatika na kuilainisha. Hapo ndipo mafundi hudanganyika: mabadiliko hayo mawili hufichana, hata joto la kulainika likaonekana zuri ilhali mnyumbuko umekwisha. Afadhali kuuvuta uzi wa lami kwenye nyuzi 25, kuukata na kuona unarudi kiasi gani.

Utengano hupimwa kwa mrija wa alumini uliojazwa lami na kusimamishwa ndani ya tanuri la nyuzi 180 kwa saa 72. Ukishapoa hugandishwa, hukatwa vipande vitatu, na cha kati hutupwa. Tofauti ya joto la kulainika kati ya kipande cha juu na cha chini isizidi nyuzi 5. Salfa kidogo huzuia utengano, ila ikizidi lami huwa jeli, tena hutoa hidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu. Kwa hiyo mfuniko wa tangi haufunguliwi ovyo.

Bukavu mvua hunyesha takriban kuanzia Septemba hadi Mei. Kazi ikisimama kwa mvua, tangi lisiachwe na moto uleule: joto lishushwe, kikorogeo kiendelee, na bomba la kurudishia lami liishie chini ya uso wake ili lisiingize hewa. Kuyeyushia pipa juu ya kuni, mtindo ambao hata lami ya kawaida huuvumilia kwa shida, huiunguza SBS iliyo karibu na bati kabla ya lami ya katikati kuyeyuka.