Bata wa Mwitu wa Ghuba ya Mwanza na Sheria za Uwindaji

Sisi tukaao Nyegezi, kando ya Ghuba ya Mwanza, tumezoea kuwaona bata wa mwitu na bata bukini wakishuka jioni katika mafunjo, wala hatuulizi ni mali ya nani. Lakini swali hilo lina historia yake.

Hapo kale ndege alikuwa wa mwenye mtego. Kitanzi hukamata mmoja au wawili, basi. Bunduki ya marisau ndiyo iliyobadili hesabu, kwa maana mshindo mmoja waweza kuangusha wengi waliokusanyika majini. Mwaka 1896 Gavana Wissmann wa Wadachi aliamuru wawindaji wawe na hati. Mwaka 1900 serikali za Ulaya zenye makoloni Afrika zilipatana London juu ya kulinda wanyama na ndege, na kwamba nyavu na mashimo ya kutegea yazuiwe kadiri iwezekanavyo. Ingawa mapatano hayo hayakuidhinishwa na wote. Waingereza nao waliweka sheria yao mwaka 1921. Na tutazame vema: bunduki ilipewa hati, bali mkono wa sheria ukawa mzito juu ya mtego. Mwenye fedha akaitwa mwindaji, na mwenye njaa akaitwa mwizi. Hatuoni kuwa huo ulikuwa mzani wa haki.

Baada ya uhuru, mwaka 1973, serikali ilipiga marufuku uwindaji, ukafunguliwa tena mwaka 1978. Sheria ya wanyamapori ya 1974 ilifuatwa na ile ya 2009.

Lakini bata hawa si wa nchi moja. Wako wazaliwao papa hapa, na wako watokao Ulaya na Asia karibu na Oktoba, wakarudi mwezi wa Machi. Viota vyao hatuwezi kuvilinda sisi. Tena bata hunyonyoka manyoya ya mabawa yote kwa pamoja, na kwa majuma kadhaa hawezi kuruka. Amwindaye wakati huo hahitaji shabaha! Kwa hiyo mwaka 1995, huko The Hague, ulifanywa mkataba wa ndege wa majini wahamao, ukaanza kutumika 1999, na Tanzania imo. Mkataba huo haukatazi kuwinda. Wataka kuwinda kwa kiasi, na marisau ya madini ya risasi yaachwe penye maji, kwani bata huyameza kama changarawe, wakafa kwa sumu.

Marekani walifanya jambo jingine tunalolipenda zaidi. Tangu 1934 mwindaji wa bata aliyetimiza miaka 16 hana budi kununua stempu, ya kwanza kwa dola moja, na fedha hizo hununua mabwawa ya ndege.

Huku kwetu mafunjo hufyekwa ili kupanda mpunga, na bata hukosa kiota hata bunduki isipolia. Tena bata bukini hula mpunga huo. Kwa mkulima wao si mchezo wala kitoweo tu, ni madebe yaliyopotea wakati wa mavuno, naye ndiye mwenye jembe karibu na viota.