Dhoruba za Usiku katika Ziwa Viktoria



Katika nchi za baridi watu wa milimani huanza siku kwa kuuliza habari za theluji. Huuliza imeanguka kiasi gani, ni ngumu ama laini, na kama tufani iko njiani. Maana mtu atelezaye juu ya theluji kwa mbao za miguuni bila ya kujua habari hizo aweza kufukiwa nayo. Sisi wa Mwanza, Ukerewe na Musoma hatuna theluji, bali tuna ziwa. Na ziwa hili nalo limeua wengi waliotoka bila ya kuuliza. Leo nitawaeleza jinsi elimu ya kutabiri dhoruba ilivyoanza, na jinsi ilivyofika kwetu.

Tangu kale wavuvi wa pwani hizi walijua mengi. Walitazama mawingu, upepo na rangi ya maji kabla ya kusukuma mitumbwi yao. Katika Usukuma mambo ya mvua yalikuwa juu ya mtemi mwenyewe. Mvua ikikosekana kwa muda mrefu, watu waliweza kumwondoa katika kiti chake. Kwa hiyo hali ya hewa haikuwa maneno ya kupitisha wakati. Ilikuwa jambo la utawala. Lakini ujuzi wa wazee ulikuwa na mpaka: kila mtu aliliona anga la mahali pake tu. Aliyekuwa Ukerewe hakuweza kujua mawingu yaliyokusanyika alasiri hiyo juu ya milima ya Kisii. Hata Stanley, alipoondoka Kageye tarehe 8 Machi 1875 kulizunguka ziwa zima kwa mashua yake, alikwenda bila ya onyo lolote, na dhoruba zikamkuta njiani.

Mpaka huo ulivunjwa na simu ya waya. Tarehe 26 Oktoba 1859 merikebu Royal Charter ilivunjika katika pwani ya Wales, wakafa watu zaidi ya 400. Robert FitzRoy, baharia wa siku nyingi, ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza. Aliona ya kuwa tufani husafiri, na ya kuwa habari ya simu husafiri upesi kuliko tufani. Basi akapanga kuletewa vipimo vya hewa kwa simu kutoka bandari mbalimbali, na mwaka 1861 akaanza kutuma maonyo. Ishara ilipandishwa juu ya mlingoti bandarini, kila baharia aione.

Mara nyingine FitzRoy alikosea, na wataalamu wakamlaumu. Alikufa mwaka 1865, na mwaka uliofuata maonyo yakasimamishwa. Lakini watu wa pwani walinung'unika, wakayadai, na mwaka 1867 yakarudishwa. Tulishike jambo hilo: walioyadai ni wale ambao roho zao zilikuwa majini.

Huku kwetu idara ya hali ya hewa ya Afrika ya Mashariki ilianzishwa na Waingereza mwaka 1929, makao yake Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilishika kazi yake yenyewe. Leo hapa Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, nayo hutangaza utabiri wa ziwa pia: upepo, mawimbi na mvua.

Hata hivyo ziwa letu lina tabia yake, nayo yafaa kila mtu wa pwani aijue. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda juu, na upepo wa ziwani huja kushika mahali pake; basi mawingu hujengeka juu ya nchi kavu, na mvua ya alasiri hunyesha huko. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake. Pepo hutoka pwani za pande zote kwenda ziwani, hukutana, hupanda na kuchukua mvuke mwingi. Na ziwa la kilomita za mraba 68,800 hivi halipungukiwi na mvuke. Hapo ndipo huzaliwa radi na tufani za usiku wa manane na za alfajiri.

Mwaka 1960 Marekani ilirusha chombo cha kwanza cha kupiga picha za mawingu kutoka juu ya dunia. Kwa picha za vyombo vya namna hiyo, wataalamu walioongozwa na Wim Thiery walionyesha mwaka 2016 kwamba dhoruba kali za alasiri juu ya nchi inayozunguka ziwa ni dalili ya dhoruba za usiku juu ya maji. Walionyesha tena kwamba, joto la dunia likizidi, dhoruba zilizo kali mno zitakuja mara nyingi zaidi.

Wazee husema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mvuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza usio na mbalamwezi, maana dagaa hufuata taa. Karabai ile ile inayomvutia dagaa humziba mvuvi macho: huona wavu wake, na nje ya mwanga haoni kitu. Usiku ufaao kwa dagaa ndio usiku asioweza kuliona wingu. Yeye ni lazima dalili aitafute mchana, tena kwa macho ya wengine walio mbali.

Wako wasemao, “Juzi walitangaza tufani, na hapa hapakuvuma hata upepo.” Utabiri si unabii. Tufani isiyofika mwaloni kwako huenda imefika Bukoba. Najua ya kuwa kukaa nyumbani usiku mmoja ni hasara: dagaa hakuna, na deni la mafuta liko pale pale. Lakini deni hulipwa usiku mwingine, na mwenye kulipa ni yule aliye hai.

Nanyi wanafunzi, mna kazi. Sikilizeni utabiri wa jioni, mshike maneno matatu: upepo watoka wapi, mawimbi yatakuwa makubwa kiasi gani, na saa ngapi. Kisha mwambieni baba kabla hajawasha karabai.