Siku ya Tano, Hakuna Tena Kwetu na Kwao



Tarehe 17 Juni 1985, mwezi wa Ramadhani ukiwa ukingoni, chombo cha Marekani kiitwacho Discovery kiliruka na watu 7. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Shannon Lucid. Mwengine alikuwa Sultan bin Salman wa Saudi Arabia, kijana wa miaka 28, Muislamu wa kwanza kufika anga za juu.

Kule juu chombo huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, jua likachomoza na kuzama mara 16 kwa siku. Humo humo alisali na kusoma Qur'ani.

Aliporudi alieleza jambo ambalo watu hawakulisahau. Siku ya kwanza kila mmoja alionesha nchi yake. Siku ya tatu, ya nne, wakaonesha mabara. Ya tano wakaiona dunia moja tu. Mwaka 1987 Mmarekani Frank White alitoa kitabu kuhusu mageuzi haya ya moyo, kwani wanaanga wengi waliyasimulia.

Sisi Suratul Hujurat, aya ya 13, ilishatufundisha. Lakini posa ngapi zinarudishwa kwa sababu kijana, ingawa ana dini na tabia njema, "si wa kwetu"? Bi harusi mtarajiwa, na wewe mama wa bi harusi, ulizieni sala yake, ukweli wake na namna anavyomtendea mama yake. Mpaka wa kwetu na kwao, aliye juu hauoni.