Kuuza Nyumba Nanganga: Haki, Mipaka na Jengo Huandaliwa Kabla ya Mnunuzi Kuitwa

Nanganga, iliyopo wilayani Masasi mkoani Mtwara, ni njiapanda. Hapo barabara kuu ya Mingoyo–Masasi hukutana na barabara itokayo Ruangwa, na nyumba nyingi zimejipanga kandokando yake. Mahali pa namna hiyo hapakosi wanunuzi, wakiwemo wafanyabiashara, watumishi na wakulima. Hata hivyo, thamani ya nyumba haitokani na rangi ya ukuta pekee. Muuzaji makini huandaa mambo matatu kwa mpangilio: haki ya kuuza, mipaka ya eneo, kisha jengo lenyewe.

Haki ya kuuza

Kwa nyumba iliyo katika ardhi ya kijiji, mwongozo ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Ushahidi bora wa umiliki ni hati ya hakimiliki ya kimila. Mnunuzi asiye mkazi wa kijiji huhitaji ridhaa ya Halmashauri ya Kijiji. Hivyo makubaliano ya watu wawili mbele ya mashahidi pekee hayatoshi. Muuzaji asiye na hati anashauriwa kuanza taratibu za kuipata katika ofisi ya kijiji kabla ya kutangaza mauzo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi, na itolewe na mwenye ndoa mwenyewe, si ndugu yake.

Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Miongoni mwa Wamakua, Wamakonde na Wayao, ambao kwa asili hufuata ukoo wa mama, wajomba na dada wa marehemu mara nyingi huwa na sauti katika mali ya familia. Kuwashirikisha mapema hupunguza mashauri katika Baraza la Ardhi la Kijiji. Kauli ya mdomo ya wazee, hata hivyo, haichukui nafasi ya uteuzi wa mahakama.

Mipaka na hifadhi ya barabara

Kwa nyumba za kando ya barabara kuu, hili ndilo jambo lenye hatari kubwa kuliko yote. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zinaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa. Awali hifadhi hiyo ilikuwa mita 22.5. Nyumba nzuri yenye baraza ndani ya eneo hilo inaweza kubomolewa, na mnunuzi aliyefichwa jambo hilo atadai fedha zake. Muuzaji apime umbali kutoka katikati ya barabara na kuulizia Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) pale penye shaka. Alama ya X ukutani haifutwi kwa chokaa, humwonyeshwa mnunuzi.

Mipaka mingine huthibitishwa kwa kutembea na majirani wote wanaopakana, pamoja na kiongozi wa kitongoji. Mikorosho na miembe iliyomo ihesabiwe. Mkataba utaje wazi iwapo miti inauzwa pamoja na nyumba, na nani atavuna msimu uliopo, kwa sababu mauzo ya ardhi yasiyotaja miti huzaa ugomvi wakati wa mavuno.

Jengo

Wakati mwafaka wa ukarabati ni kiangazi, kabla ya mvua zinazoanza takriban mwezi Novemba au Desemba. Fedha za korosho nazo huanza kuingia vijijini kuanzia Oktoba, minada inapofanyika kupitia vyama vya ushirika. Nyumba iliyokamilika Septemba huwakuta wanunuzi wakiwa na uwezo.

Fedha kidogo ielekezwe kwanza kwenye paa: bati lililotoboka, misumari iliyolegea na mbao zilizoliwa na mchwa. Kisha nyufa zizibwe kwa saruji, sakafu ikarabatiwe, milango na madirisha yafunguke bila kukwama. Chokaa au rangi nyeupe huongeza mwanga vyumbani. Ufa mkubwa wa msingi usifichwe kwa rangi, kwani mvua ya kwanza itaufichua.

Choo bora, chenye sakafu inayosafishika, mlango na paa, ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukaguliwa. Katika ukanda wa Masasi na Newala, ambako uwanda wa Makonde una uhaba wa maji, mifereji ya bati na tangi au kisima cha kuvuna maji ya mvua huongeza mvuto wa nyumba kuliko mapambo. Mifereji isafishwe na tangi likaguliwe kama linavuja.

Siku ya kuonyesha nyumba, magunia ya korosho na mazao mengine yaondolewe sebuleni, uwanja ufagiliwe na madirisha yaachwe wazi. Vitu vya familia vipunguzwe ili mgeni aone ukubwa wa vyumba.

Kodi na malipo

Mkazi anayeuza nyumba hutozwa asilimia 10 ya faida. Nyumba aliyoimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi husamehewa iwapo faida haizidi shilingi milioni 15. Kwa kuwa faida hukokotolewa baada ya kuondoa gharama, stakabadhi za saruji, bati na mafundi zitunzwe. Pia kuna ushuru wa stempu, kwa kawaida asilimia 1 ya bei. Ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutoa makadirio kabla ya mkataba.

Malipo yafanyike benki au kwa njia nyingine inayoacha kumbukumbu, mkataba ukiwa umesainiwa na pande zote, wanandoa na mashahidi. Funguo zikabidhiwe baada ya malipo kukamilika, na ofisi ya kijiji iarifiwe ili daftari lake lionyeshe mmiliki mpya.